Uso Uliojibana Ndani ya Simu

Hebu wekeni simu chini, wajukuu zangu! Zile nyuso mnazorushiana humo kutwa nzima, leo nawaambia zilikotoka.

Zamani simu ilibeba maneno tu. Uso alikuwa na maringo, akakataa katakata kuingia. "Mimi nijibane mle na pua yangu hii? Thubutu!" Basi maneno yakawa yanasafiri peke yake, makavu, na aliyepokea alibaki kukisia kama mwenzake kacheka au kanuna.

Sasa, palikuwa na Mapunda, Mngoni wa Songea, na mtani wake Kihwele, Mhehe wa Iringa. Kazi ya mtani msibani mnaijua: wengine wanalia, yeye anamtania marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mama yake Mapunda alipofariki, Kihwele akapanda basi, na humo njiani akaandika: "Afadhali kaondoka huyo bibi. Alitumalizia ugali."

Weee! Angeyasema ana kwa ana, Mapunda angecheka. Lakini kwenye kioo aliona maneno matupu, akaumia hasa. Akajibu: "Usikanyage kwangu. Mama nitamzika bila wewe."

Kihwele akayasoma humo humo basini. Bibi yule alimpenda kama mwanawe, na utani wenyewe aliuandika huku machozi yanamtoka. Leo bibi azikwe, na yeye Kihwele asitupe hata udongo? Akaushika uso wake kwa mikono miwili: "Nenda wewe! Maneno yameshindwa."

Uso akaona aibu. Maringo yote kwisha! Akajikunja kwa nguvu, pua ikabaki nje, masikio yakabaki nje, akawa duara, akageuka njano kwa kukosa pumzi, na chubwi! akazama ndani ya simu hivyo hivyo, anacheka na machozi yanamwagika.

Mapunda alipomwona tu, akamjua mtani wake mzima mzima. Akaangua kilio, kilio kikageuka kicheko, akaandika: "Mhehe we, fanya haraka. Kaburi halichimbwi mpaka ufike."

Nyuso nyingine kusikia hivyo, zikagombania mlango, hata viganja vikafuata! Tangu hapo kila mtu ana zake. Mwenye haya hutuma tabasamu moja dogo, mwenye makeke hujaza mstari mzima, na mkwe unamtumia viganja vilivyokutana, unaishia hapo hapo. Lakini ule wa kicheko na machozi, wajukuu zangu, mwenyewe hasa ni yule ambaye siku ukifiwa asipokuja kukutukana, utauliza yuko wapi.