Kivuli cha Bakuli la Nne

Sogeeni. Hadithi yangu haina zimwi wala sungura. Ina watu watatu na ngamia mmoja. Darasa langu lilikuwa fupi, kwa hiyo mambo ya jua nitayasema kama nilivyosimuliwa. Nikiteleza, Mungu anisamehe, nanyi msinicheke sana.

Zamani, katika bonde moja la milima ya Wakurdi, aliishi Mamlani, mwanafalaki, mzee aliyeijua njia ya jua kama wewe unavyoijua njia ya kisimani. Aliishi pia Bazani, mwashi ambaye jicho lake lilishinda timazi. Na alikuwapo Nergizi, mjane mgawa maji ya mfereji. Alikuwa na bakuli la shaba lenye kitundu chini. Huliweka juu ya maji, nalo hujaa polepole mpaka likazama, na muda huo ndio kipimo cha zamu: mabakuli kadhaa shamba lako, mabakuli kadhaa la jirani. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kapunjwa.

Amiri wa bonde akaamuru ujengwe msikiti. Bazani akauelekeza kusini barabara, kama alivyofundishwa na baba yake. Ukuta ulipofika magotini, Mamlani akapita, akasimama.

"Fundi, kibla chako kimekwenda upande."

"Mwalimu, tangu uzaliwe hujashika mwiko. Leo unanifundisha kujenga?"

"Kujenga sikufundishi. Lakini kutoka hapa Makka haiko kusini kabisa. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo na zaidi kidogo, kuelekea magharibi."

Maneno yakamfikia amiri. "Thibitisheni," akasema. "Mamlani akikosea, atahama bonde hili na vitabu vyake. Akipatia, ukuta utabomolewa. Na atakayeninyooshea kibla nitampa nafasi iliyobaki katika msafara wangu wa Hija. Ni moja tu."

Mamlani alijua jambo hili: mara mbili kwa mwaka, adhuhuri, jua husimama juu ya Makka sawasawa. Saa hiyo, popote unapoliona, ukilielekea jua umeielekea Kaaba, na kivuli hulala kwenye mstari huo huo. Lakini adhuhuri ya Makka si adhuhuri ya bonde lile, huja baadaye kidogo. Ili ajue tofauti yake, mzee alikuwa amengoja miaka kumi na tisa, akipima saa kila mara mwezi ulipopatwa na kuwaomba mahujaji wamletee habari ya saa ulipopatwa huko Makka. Macho yake yakachakaa. Mwisho akapata jibu: adhuhuri ikipita, ngoja mabakuli manne ya Nergizi.

Nergizi naye (nilipoisimulia hadithi hii mara ya kwanza nilimruka, nikaona kazi yake ndogo, namwomba radhi huko aliko) alikuwa na bakuli moja tu, nalo lilikuwa la wote. Hakutaka kumnyima mtu maji, akatoa zamu ya shamba lake mwenyewe ili bakuli lipime saa ya jua. Dengu zake zikakauka. Siku ya jua kusimama juu ya Makka ilipofika, kivuli cha mti uliochomekwa wima kikagusa mstari wa adhuhuri uliochorwa chini, akatua bakuli majini. La kwanza likazama. La pili. Mara mawingu yakatanda.

"Hesabu upesi, bibi!" amiri akafoka. "Jua linatukimbia!"

"Bakuli halina amiri," akajibu, wala hakuinua macho.

La tatu. La nne lilipozama akapaza sauti: "Sasa!"

Mawingu yakafunguka kama kope, yakafumba. Aliyekuwa ameinama pale penye mti, mkaa mkononi, ni Bazani. Mzee hakuona kitu ila ukungu. Nergizi alikuwa akitazama bakuli. Amiri alikuwa akitazama mbinguni. Kivuli alikiona mwashi peke yake, na hakikufuatana na mstari wa ukuta wake. Angeweza kuchora atakapo, nani angemjua? Akaweka alama palepale kilipolala, akasimama, akasema:

"Bomoeni."

Kisha akakaa chini. "Nimejenga misikiti kumi na mmoja," akasema. "Yote kwa mstari ule ule."

Siku ya safari, ngamia wa nafasi ile moja alipiga magoti mbele ya msikiti.

"Nusu ya umri wangu nimeielekea Kaaba kwa hesabu," akasema Mamlani. "Macho haya hayatafika mwakani. Niacheni niione."

"Hesabu yako ingebaki karatasini, mwalimu," akasema Bazani. "Mimi nina misikiti kumi na mmoja ya kuombea toba."

"Na alama yako ingekuwa ya saa gani, fundi, bila bakuli langu?" akasema Nergizi. "Mama yangu alikufa mzigo wa Hija ukiwa umeshafungwa. Mama wa amiri yumo msafarani, nitaandamana naye, sitakuwa mwanamke peke yangu."

Amiri akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Ikaadhiniwa adhuhuri. Wakasali wote kuelekea ukuta mpya, Nergizi nyuma na wanawake. Walipotoa salamu, ngamia alikuwa bado amepiga magoti, na amiri bado ameshika kamba ya kumwongozea.

Mimi nimeamua mara tatu, na kila mara nimelala nikijuta. Kwa hiyo kamba naiweka mkononi mwenu. Msafara unaondoka, na haungoji mtu. Je, wewe ungempa nani?