Maji ya Mwisho

"Anawaye kwanza hayajui maji ya mwisho." Methali hii mnaisema vizuri, wajukuu zangu, ila ilikozaliwa hamkujui. Ilizaliwa hivi.

Kobelo alikuwa kidato cha pili, kijana ambaye mdomo wake ulifika shuleni kabla ya miguu. Mwalimu Chuwa alifundisha jinsi kipindupindu na homa ya matumbo vinavyopita mikononi hadi sahanini, kisha akawatuma wanafunzi wakafundishe nyumbani. Kobelo akasimama.

"Mwalimu, babu yangu namgeuza kwa sentensi moja."

Kwao walinawa wote katika bakuli moja, kwa heshima: babu kwanza, kisha wanaume, kisha wanawake, mwisho mdogo wake Siwema, mtoto wa miaka minne. Siwema alikuwa haishi kuharisha. Wiki ile alikonda mpaka gauni likawa linamvuka mabega. Kobelo akamtazama, akafungua kinywa, akakutana na jicho la babu, akakifunga.

Aliyesema ni pacha wake, Mwanaheri. "Babu, tumefundishwa kwamba bakuli hili ndilo linalomuumiza Siwema."

Babu akacheka. "Nimelinawia tangu sijaota ndevu. Uliwahi kuniona naharisha?"

"Sijakuona, babu. Basi leo nawa wa mwisho."

Mama yao akamfinya paja. Lakini babu hakuwa mtu wa kukimbia ubishi. Akalisukuma bakuli kwa Siwema. "Haya, anza wewe, tuwanyamazishe wasomi hawa."

Bakuli likazunguka. Lilipomfikia babu, maji yalikuwa rangi ya ugoro, mafuta na unyoya wa kuku vikielea juu. Mkono wa babu ukabaki hewani.

"Haya ndiyo unayonawa siku zote, mke wangu?" akamuuliza mjukuu wake.

"Ndiyo, babu," Siwema akajibu. "Meupe ni ya wakubwa."

Babu akayamwaga uani, akaleta kopo na sabuni, akawamiminia wote mwenyewe, akianza na mtoto. "Kumbe anawaye kwanza hayajui maji ya mwisho," akasema taratibu. Asubuhi akambeba Siwema mgongoni hadi zahanati.

Mtoto aliponawiri tena, Kobelo akasimulia darasani, akianza na neno lile la babu la maji ya mwisho. "Nikamkazia macho babu, nikamwambia, leo nawa wa mwisho..."

"Mwalimu," Mwanaheri akasema kutoka dawati la nyuma, "huyu hakufungua kinywa siku ile hata kuomba chumvi. Na kwetu yeye hunawa wa pili, baada ya babu."

Darasa zima likamgeukia Kobelo, likamwimbia: "Anawaye kwanza hayajui maji ya mwisho."