Kibali cha Njia ya Msituni

Huyu Anaeli ninayewasimulia alikuwa kijana mzuri tu, msije mkamchukia mapema. Kosa lake lilikuwa moja: kungoja hakukujua.

Siku moja alimchukua shemeji yake Ndewario, aliyemwoa dada yake mwaka ule ule, wakalale mlimani. Kutoka lango la hifadhi kulikuwa na njia mbili. Ya Msituni, hata bibi kizee anaipita. Ya Majabali ni ya wenye roho ngumu, na kwa siku huruhusiwa watu wachache.

"Vibali vya Majabali vimekwisha leo," askari wa hifadhi akawaambia. "Njooni kesho asubuhi, au chukueni cha Msituni."

"Tupe cha Msituni," Anaeli akajibu upesi.

Askari akamtazama. "Mpite huko kweli, kijana. Mkipotea, tutawatafuta kwa kufuata kibali."

Walipofika njia panda, Anaeli akakata kuelekea Majabali.

"Shemeji, si tungengoja tu kesho?" Ndewario akauliza.

"Kibali ni karatasi, bwana! Huko juu nani atatuuliza, nyani?"

Haya, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jioni ile mvua ilinyesha, Ndewario akateleza, akaangukia korongoni, paja likavunjika. Anaeli akamburuta hadi chini ya mwamba. Alipotaka kushuka kuomba msaada, mwenzake akamsihi asimwache peke yake. Siku yao ya kurudi nyumbani ikapita.

Ndipo wakasikia filimbi, mbali, ng'ambo ya bonde, upande wa Msituni.

"Wanatutafuta," Ndewario akasema huku akitetemeka. "Lakini watajuaje kuwa tuko huku?"

Anaeli akatoka chini ya mwamba. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini upepo ulikuwa mkali. Filimbi zikazidi kwenda mbali. Kulipopambazuka Ndewario alikuwa amekata roho, vidole vyake vimeng'ang'ania shati la shemeji yake.

Anaeli alishuka peke yake, analia, tena ana hasira. Alipomwona yule askari langoni, akamkunja shati.

"Kwa nini hamkuja Majabali? Mmemwacha mtu afe!"

"Tulitaka kuja," askari akasema taratibu. "Mimi nilikutilia shaka tangu siku ile. Baba yako ndiye aliyetuzuia. Alisema, 'Huyu nimemlea mwenyewe, hasemi uongo. Kama amechukua cha Msituni, yuko Msituni. Msipoteze muda.'"

Mzee Mbise, baba yake Anaeli, alikuwa amesimama nyuma yao, koti limelowa, sauti imemkauka kwa kuita. Akamshika mwanawe bega.

"Mlipotea njia, sivyo, mwanangu?"

Jamani! Hata hapo mzee alikuwa bado anamtetea. Pembeni yake alisimama dada mtu, akichungulia njia ya mlimani kama mumewe anakuja nyuma.

"Hapana, baba," Anaeli akasema. "Nilidanganya."

Mzee akaondoa mkono wake. Akakaa chini, pale pale kwenye tope.

"Basi mkwe wangu nimemuua mimi," akasema. "Kwa kukuamini."

Funzo: Uongo unaomwambia mlinzi wa lango, atakayeubeba ni yule anayekupenda. Kabla hujasema uongo mdogo, jiulize nani atausimamia kama kweli.