Simu Iliyojengewa Ukuta

Mwenye mlango huuliza, mwenye ukuta hujuta. Mmeisikia kikaoni leo, mkaona wazee wanatikisa vichwa, na nyinyi mkatikisa vyenu kana kwamba mmeelewa. Hamkuelewa. Afadhali mmeuliza, maana kuuliza si ujinga. Haya, wekeni hizo simu chini, hata wewe Mbonea, na hiyo ya mfukoni pia. Msidhani ni methali ya mababu. Ilipozaliwa, nyinyi mlikuwa mnajifunza kutambaa. Ilianza hivi.

Huko juu Upare, kwenye vijiji vya tangawizi, palikuwa na kituo cha uzazi. Mkuu wake alikuwa mkunga Naelijwa, mwanamke mfupi, mdomo mkali, mikono laini. Kituo kilikuwa na gari moja la wagonjwa na simu moja ya mezani, ile inayopita kwenye mtandao, imeunganishwa na kompyuta. Kila mama mjamzito aliyekuja kliniki, Naelijwa alimshika bega akamwambia neno lile lile: dalili zikianza, bipu tu, usihangaike na salio. Ukishabipu umefika. Tutakupigia, na gari litakuja.

Watu walimwamini. Na kubipu kule kulikuwa na adabu yake: unabipu mara moja, labda mbili, kisha unatulia na kungoja, kwa sababu anayebipu ovyo huonekana hana heshima. Tena bondeni mtandao ulikuwa haushiki. Mtu alipanda kilimani, na kama simu yake ilikuwa mbovu, aliazima ya yeyote atakayemkuta huko.

Basi, namba ya kituo ikawafikia wasumbufu. Simu ikawa haitulii. Mara umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza, mara mganga anauza dawa ya kumrudisha mume, mara mashine inakusomea ofa mpaka mwisho na huwezi hata kuigombeza ikakusikia. Nyingine zililia mara moja zikakatika. Naelijwa alivumilia. Lakini siku moja, akiwa anazalisha, simu ililia mfululizo, na muuguzi mwenzake akamwacha mama kitandani, akakimbilia kupokea akidhani ni dharura. Akakuta ni "Hongera, ndugu mteja." Mtoto alizaliwa salama, ila mama alichanika vibaya kwa kukosa mtu wa pili wa kumshika. Hapo Naelijwa akasema yametosha.

Akamwita fundi Mzirai, aliyeifunga simu ile. Mzirai akamwonyesha kwenye kompyuta jinsi ya kuzuia namba moja moja kadiri zinavyosumbua. Naelijwa akaona huko ni kupalilia huku magugu yanaota nyuma yako. Akataka zizuiwe zote kwa mpigo: namba yoyote ambayo kituo hakikuiandikisha isilie kabisa. Mzirai akauliza, je, wanaobipu kwa simu za kuazima? Naelijwa akajibu kwamba mwenye shida ya kweli atatafuta njia. Lo! Neno hilo lilimkaa kooni miaka mingi.

Simu ikanyamaza. Naelijwa alifurahi kupita kiasi, kila mgeni akawa anaonyeshwa ile simu iliyonyamaza kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Sasa kulikuwa na mwanamke aitwaye Namkunda, mke wa Kadeghe. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu ilifika miezi yake kwa sababu Naelijwa aliilea kama yai. Asubuhi uchungu ulipomshika, Kadeghe alipanda kilimani. Simu yake ikazima, chaji imekwisha. Akaazima ya mchuuzi wa tangawizi aliyekuwa akipita, naye hakuwa na salio. Kadeghe akabipu. Akabipu tena. Sikioni mwake iliita vizuri kabisa. Mezani kwa Naelijwa haikulia. Mchuuzi, mtu mwema, akatua mzigo wake, wakangoja pamoja simu irudi.

Mnaona ubaya wake? Wangejua hakuna anayesikia, wangeondoka saa ile ile. Lakini walikuwa wameshabipu, na aliyebipu amefika. Wakangoja. Jua lilipofika utosini, ndipo mama yake Kadeghe alipopiga yowe, majirani wakaja na machela, wakambeba Namkunda kwa miguu. Mtoto wa kike alizaliwa njiani, juu ya majani ya mgomba. Hakulia.

Namkunda alifika kituoni damu imemwisha. Naelijwa alimpigania mpaka akamrudisha. Kisha akatoka nje kwa hasira, akamuuliza Kadeghe kwa nini hakubipu.

"Nilibipu, Mama," Kadeghe akasema. "Tukakungoja."

Naelijwa hakwenda kuangalia kompyuta. Alikwisha kujua.

Baada ya mazishi akataka kwenda kuhani. Wenzake wakamsihi asiende, wakamwambia ni mipango ya Mungu. Akawajibu kwamba Mungu hakuigusa ile simu. Akaenda peke yake hadi nyumbani kwa kina Kadeghe, akaukuta mlango umerudishwa. Akabisha.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mama yake Kadeghe, bibi aitwaye Nakundwa.

"Ni mimi, Mama. Naelijwa."

"Nimekuona tangu ukiwa kwenye migomba. Nimekaa hapa najiuliza nikuitikie au ninyamaze."

"Ukinyamaza, nimestahili."

Mlango ukafunguliwa. Bibi Nakundwa alisimama kizingitini, hakumpa mkono.

"Mwizi akibisha hapa, namuuliza ni nani. Akikosa jibu, simfungulii. Mwanangu akibisha, namuuliza vile vile. Lakini kwako, mwanangu alibisha tangu asubuhi, hukumuuliza hata jina. Huo si mlango, Naelijwa. Ni ukuta. Mwenye mlango huuliza, mwenye ukuta hujuta."

Naelijwa akalia, akauliza afanye nini.

"Mimi simu siijui," Bibi akasema. "Nenda kaweke mlango. Usirudi hapa kulia kabla hujauweka."

Alirudi kituoni machozi yameshakauka. Mzirai alipendekeza wafungue namba zote kama zamani. Naelijwa akakataa, hakutaka wasumbufu warudi kumwondoa muuguzi kitandani kwa mama. Wala hakutaka zifungwe zote. Mzirai akasema jambo hilo ni gumu, Naelijwa akamwambia na kuzaa pia. Kila jioni aliketi kando yake, fundi wa watu anatengeneza, anaharibu, anatengeneza tena, mpaka ikawezekana: namba ngeni ikipiga au ikibipu, simu yenyewe iipigie na kuuliza, "Hodi ya nani?" kwa sauti ya Naelijwa mwenyewe. Aliyetaja jina, anaunganishwa. Mashine haina jina la kutaja. Hiyo inafungiwa nje moja kwa moja.

Hata hivyo mwanzoni iligoma. Watu walipoisikia sauti ya Naelijwa walimwamkia kwanza, shikamoo, na wakangoja waitikiwe. Simu ikaona hawajataja jina, ikawakatia. Mzirai akashauri watu wafundishwe wasiamkie. Thubutu! Naelijwa akamwambia mwanamke mwenye uchungu hafundishwi, inafundishwa simu. Akarekodi upya: inaanza na "Marahaba, mwanangu," inatulia kidogo, ndipo inauliza.

Wengi wakaizoea. Namkunda hakuizoea. Alibeba mimba nyingine, wala hakukanyaga kliniki, na hakuna aliyethubutu kumlaumu. Naelijwa alimpelekea ujumbe kupitia kwa mkwewe, hakujibiwa. Alichoweza ni kuhakikisha simu inafanya kazi, na alihakikisha kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Siku ikafika. Naelijwa alikuwa mezani, kompyuta ikaonyesha kwamba namba ngeni imebipu na simu inaipigia. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikiitikia marahaba ingawa hakuna aliyeamkia. Ikauliza, "Hodi ya nani?" Kimya. Mashine nazo hunyamaza hivyo hivyo. Bado kidogo simu ingekata.

"Namkunda," sauti ikasema.

Naelijwa hakumjibu kwanza. Alimwita dereva kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni, ndipo akamwambia kwenye simu kwamba wako njiani, akapanda garini na gauni lake la kazi. Mtoto alizaliwa kituoni. Alilia, wanangu, alilia mpaka muuguzi akaziba masikio, na Naelijwa akasema mwacheni alie.

Kwa hiyo mkichoshwa na wasumbufu, fungeni, nani kawakataza? Ila kwanza ulizeni aliyeko nje ni nani, kwa maana mwenye mlango huuliza, mwenye ukuta hujuta.