Kokoto ya Pili

Sogeeni, ngano inaingia. Palikuwa na mji uliogawanyika, watu wa Juu na watu wa Chini, hawasalimiani hata msibani. Mwanakheri mfinyanzi, aliyefiwa na mume katika ugomvi huo, akafinyanga vyungu vitatu vya uganga vya kuchagulia mfalme: cha Juu, cha Chini, na cha Zimwi, aliyeomba kugombea wakamcheka.

“Kila mtu kokoto mbili,” akasema. “Moja mpe wenu, ya pili mpe mwingine. Ukimpa mmoja zote, chungu kitazitema.”

Alitaka wapeane. Watu wa Juu wakasema, “Bora Zimwi kuliko wale,” wakampa ya pili. Watu wa Chini wakampa ya pili. Mwanakheri akamkumbuka marehemu, naye akampa Zimwi ya pili.

Zimwi akatawazwa. Akauliza, “Nianze kula upande gani?”

Wote wakanyoosha vidole ng’ambo. Ngano imeishia hapo, na mji nao.