Shogi la Bi Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge hivyo? Kumbe kazi zenu nazo zimewachosha. Haya, sogeeni, hadithi ni yenu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na midomo mingi kuliko mikono, alikuwapo punda jike aitwaye Bi Siwema. Kazi yake kuwachotea wenzake maji mtoni. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, miaka kumi na minane. Mgongoni alivaa shogi, ule mfuko wa ukindu wenye matumbo mawili, mtungi huku na mtungi huku. Mwaka huo mto ukakauka, yakabaki madimbwi ya mbali, mwendo wa siku nzima. Magoti ya Bi Siwema yakaanza kulia, ka, ka, ka. Alijua kiangazi kingine cha kubeba hakimalizi.

Alijua na jingine. Kila akipita kwenye kona ya mto mkavu, pua yake ilinusa maji chini ya mchanga. Basi akawaambia wenzake kwamba anataka kuacha kubeba, awe mchimba visima.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ngiri, mchimbaji mkuu, mtaalamu aliyekwisha kuchimba mashimo saba na yote makavu, akamwuliza kwa upole wa mabwana, "Bibi, kwa umri huo? Kuchimba kuna wenyewe."

Bi Siwema akaona aibu. Labda kweli, akawaza, mimi nani? Lakini magoti yakalia tena, ka, ka, ka, akaenda kuchimba. Ila shogi hakulivua. Alisema moyoni, nikishindwa nitarudia kazi yangu upesi.

Paru, paru, paru! Akachimba mpaka shimo likamfika kifuani. Akitaka kushuka zaidi, kwa! Shogi limekwama ukingoni. Akatoka, akachimba kando. Kwa! Siku tatu, mashimo matatu, kina kile kile. Kila asubuhi Ngiri alikuja kutazama, akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ambayo haikumzuia kutabasamu.

Siku ya nne akakwama tena, akalia. Halafu akaona haya kulizwa na mfuko. Akapanda juu, akagaagaa mchangani mpaka kamba zikakatika, shogi likaanguka. Mgongo ukawa mwepesi, naye akaogopa kuliko siku zote. Akashuka na woga wake hivyo hivyo. Paru, paru, paru, chubwi! Kwato zikalowa.

Wanyama wakaja mbio. Kumbe wote walijua tangu mwanzo! Ngiri akawaeleza jinsi yeye alivyomtia moyo. Wakanywa, wakashiba, ndipo Ngiri akajifuta mdomo akauliza, "Sasa, Bibi, nani atatubebea mpaka nyumbani?"

Bi Siwema akanyoosha kwato. "Shogi lile pale. Ukifunga kamba, linakutosha."

Funzo ni hili: anayeanza kazi mpya huku bado kaivaa ile ya zamani kwa kujihadhari, hafiki chini. Si umri uliomzuia Bi Siwema, wala si Ngiri. Alijizuia mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, kisimani. Mwenye kiu achote. Mwenye shogi anajijua.