Ukoo wa Ukutani

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya mawe huko Uingereza, vyumba thelathini, na mashamba yaliyofika hadi mtoni. Aliitwa Bwana Hadlow. Kwa watu wa tabaka lake mali peke yake haitoshi. Lazima mtu aweze kumtaja babu wa babu wa babu yake, na anayemzidi jirani kwa mababu ndiye mkubwa. Basi akaajiri mtafiti wa nasaba, mzee mpole aitwaye Finch, amtafutie ukoo wake tangu mwanzo, kisha auchore kama mti kwenye ukuta wa ukumbi wa chakula, wageni wautazame wakitafuna.

Wiki hiyohiyo alimpelekea barua mjane Agnes Pell, mfuaji wa nguo za nyumba ile. Mavuno yakiisha, ahame. Kosa lake nini? Kibanda chake cha langoni kiliwazuia wapita njia wasiione vizuri nyumba ya bwana. Agnes alizaliwa kibandani humo, na mama yake pia. Alijikokota na miguu yake iliyovimba kwenda kuomba aachwe afie pale tu, maana hakuwa na pa kwenda. Mtumishi alimwambia bwana ana shughuli.

Finch alishinda kanisani miezi miwili akisoma madaftari ya kale ya ubatizo, ndoa na mazishi. Akakuta kwamba aliyeijenga nyumba alikuwa na wana wawili. Mkubwa alioa msichana mkamua maziwa, baba yake akaghadhibika, akamtupa akaishi langoni; mdogo akapewa kila kitu. Bwana Hadlow alitokana na yule mdogo. Katika uzao wa mkubwa alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Agnes Pell. Finch alifurahi, maskini, akidhani amemletea bwana habari njema.

Bwana Hadlow aliisoma karatasi mara mbili, akamrudishia.

"Nilikuajiri unitafutie mababu," alisema. "Sikukuajiri unitafutie ndugu."

Na Finch, aliyeujua ukweli wote, alishika brashi akalifuta tawi la Agnes alilokwisha kulichora ukutani. Agnes alipakiwa kwenye mkokoteni, akapelekwa nyumba ya maskini mjini, akafa kabla ya Krismasi kati ya watu wasiomjua. Wageni walikula, wakausifu mti kwa rangi zake.

Mimi jambo hili linanichoma, sifichi. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na huyu alikataa kwao huku kwao kumechorwa mbele ya sahani yake. Lakini msiwacheke Waingereza. Marehemu hana njaa, haombi pa kulala, hatuaibishi mbele ya wageni. Ndiyo maana kumheshimu ni rahisi. Ninyi mnaochangishana kila mwaka kulitia vigae kaburi la babu, ndugu yenu aliye hai leo amelala wapi?